Mwongozo kwa Anayekwenda Mngeta Kusaka Kiamsha Jeni

Ukishuka Mngeta na hadubini begani kusaka kiamsha jeni, yaani protini ya kirusi inayoamsha jeni ndani ya kiini cha seli, usikimbilie mpunga kwa kuwa tu bonde zima limejaa mpunga. Majani ya manjano utayaona, na wenyeji watakuambia ni ugonjwa wa kimyanga. Virusi vyake, vilivyoripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966, vina RNA na hujizalisha kwenye saitoplazimu bila kupiga hodi kwenye kiini cha seli. Hapo hakuna kiamsha jeni cha kusaka. Utaambulia matope.

Zunguka nyuma ya nyumba, penye mihogo. Jani lililojikunja, lenye mabaka ya kijani na njano, ndilo lako: batobato, ugonjwa ambao Mjerumani Warburg aliuandika mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara. Nzi weupe huusambaza. Virusi vyake vina DNA, na DNA hiyo sharti iingie kiini ndipo kazi ianze.

Sasa jihadhari. Kiamsha jeni chenyewe, protini iitwayo AC2, hutengenezwa nje ya kiini kama protini nyingine zote. Mgeni mwenye pupa hukikuta njiani, akatangaza kwamba hapo ndipo kinapokaa. Kumbe kina alama ya kukiingiza ndani ya kiini, na huko ndiko kinakoamsha jeni za mwisho: ya kutengeneza ganda la kirusi, na ya kuisafirisha DNA kwenda nje ya kiini. Kabla yake zimeshafanya kazi jeni za kunakili DNA. Ganda la nini, nakala hazijawa tayari? Na kwenye DNA yenyewe AC2 hushika kwa kulegalega, hivyo hutegemea protini za mhogo kufikishwa penye jeni. Hata kirusi huhitaji mwenyeji wa kukionyesha njia.

Lakini usiape kwamba AC2 haina kazi nje ya kiini. Katika virusi vya jamii hiyo vinavyoshambulia nyanya, protini hii pia huzima vimeng'enya vya ulinzi vya mmea, na sehemu yake hukutwa kwenye saitoplazimu.

Jambo la mwisho, ambalo wauza hadubini hawalisemi: protini hii haionekani mpaka maabara waivalishe rangi ya kung'aa. Kule shambani utaona jani tu. Shina lake usilikatie pingili za kupanda; ling'oe.