Jinsi ya Kuponya Kiwewe Bila Kukutana na Mgonjwa

Umeamua kuunda modeli ya kompyuta itakayoonyesha jinsi tiba inavyomwondolea mtu kiwewe. Hongera. Huhitaji kitanda wala dawa. Kompyuta mpakato inatosha. Mgonjwa atakuchelewesha tu.

Anza na hofu. Iite V. Chukua kanuni ya Rescorla na Wagner ya mwaka 1972: kiumbe hujifunza pale kinachomfika kinapotofautiana na alichotarajia. Mpe panya mlio, kisha umeme, mpaka mlio peke yake umkakamaze. Sasa mhamishie chumba kingine, upige mlio bila umeme, tena na tena. V itashuka taratibu hadi karibu na sifuri. Hapo umeigiza tiba ya Edna Foa, ambamo mgonjwa husimulia tukio lake mara nyingi badala ya kulikwepa. Mchoro utakuwa mzuri sana. Uhifadhi leo leo.

Maana panya yule, ukimrudisha alikopigwa umeme, atakakamaa upya. Mark Bouton ameeleza kwa miaka mingi kwamba hofu haifutiki. Hufunikwa na somo jipya, na somo hilo limefungamana na mahali lilipofundishwa. Usihangaike. Ongeza kigezo, kiite muktadha. Kikigoma, ongeza visababishi fiche kama walivyofanya Samuel Gershman na Yael Niv: ubongo huona hali imebadilika, hufungua faili jipya, la zamani likabaki kabatini lilivyo. Kwa kweli ni wazo zuri, ndiyo maana utalitumia vibaya. Ongeza vigezo mpaka mstari upite kwenye kila nukta. Nukta za mwakani usizitaje.

Sasa mgeuze mtu awe namba. Dodoso la dalili za kiwewe, PCL-5, lina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Kukosa usingizi, 3. Kujificha kila aonapo gwanda, 3. Jumlisha: 6. Mwaka 2013 Galatzer-Levy na Bryant walipiga hesabu wakapata michanganyiko 636,120 ya dalili inayotosha kumpa mtu utambuzi huu huu mmoja wa kiwewe kwa vigezo vya DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili. Wewe mtibu mgonjwa wa wastani. Haumwi, kwa sababu hajazaliwa.

Walioacha tiba katikati waondoe kimyakimya. Wanachafua mstari.

Imebaki lamda, namba inayoieleza modeli ni hatari kiasi gani bado ipo. Kwa panya ni rahisi: umezima umeme, lamda ni sifuri. Utashawishika kutazama nje ya maabara. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, wakisikilizwa na washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2008, na wengi walipata nafuu. Usiingie huko. Ukiingia utaanza kuuliza kama mgao wa chakula umefika, nani analala hema la jirani, na kama aliyekimbiwa hajavuka mpaka naye. Maswali hayo hayana safu kwenye jedwali lako. Andika sifuri, kama wenzako wote. Ukiandika namba nyingine, mstari hauteremki, na makala huna.