Desa Lisilo na Moto

Ukitaka kujua thamani ya shahada yako, usiwaulize waajiri. Muulize mjomba wako. Wangu aliuliza mwenyewe, sikukuu ya Idi, mbele ya wageni, sinia la pilau likiwa ndiyo kwanza limetua mkekani: "Mjomba, huko chuo unasomea nini hasa?" Nikasema fasihi ya Kiingereza. Akatafuna kidogo. "Lakini Kiingereza si ulikuwa unakijua?"

Binti wa jirani anasomea ufamasia, na watu humfuata kwa adabu kumuuliza habari za presha na sukari. Mimi nililetewa kitabu cha maelekezo ya jenereta. Nikajitetea kwa Mwalimu Nyerere: si alitafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huku anaongoza nchi? Mjomba akanawa mkono. "Ndiyo. Mwalimu mchana alikuwa na nchi. Wewe mchana una nini?"

Mchana, kusema kweli, nilikuwa na foleni ya steshenari. Maktaba yetu ilikuwa na nakala moja tu ya Great Expectations ya Charles Dickens, ya kuazimwa kwa saa mbili, na darasa lilikuwa na watu wa kujaza basi wengine wakasimama. Kwa hiyo kiongozi wa darasa aliichukua mbio mpaka nje ya geti, ikatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, na bumu lilipoingia kila mtu akanunua desa lake kwa shilingi 50 ukurasa. Desa la namna hiyo lina kidole gumba cha mtoa kopi pembeni, cheusi tii, kila baada ya kurasa chache. Ukifika katikati unakifahamu kidole kile kuliko unavyomfahamu Estella, msichana anayependwa na Pip, mhusika mkuu.

Riwaya inaanza mkesha wa Krismasi, makaburini, baridi ya kuuma. Tuliisoma Februari, Dar es Salaam, feni zimesimama. Hata hivyo ilitunasa, hasa Miss Havisham, bibi harusi aliyeachwa siku ya ndoa, akasimamisha saa zote za nyumbani kwake kwenye saa tatu kasoro dakika ishirini, akabaki ndani ya shela lake miaka na miaka, keki ya harusi ikiozea mezani kati ya buibui. Uswahilini kwetu mama kama huyo angeundiwa kamati.

Tatizo ni kwamba siku ya kutoa kopi umeme ulikatika. Uliporudi, kijana wa steshenari aliendelea pale alipodhani ameishia. Mwisho wa sura ya 49 na mwanzo wa ile ya 50 vikapotelea hapo. Unamwacha Pip akizungumza na bibi yule. Ukigeuza karatasi, unamkuta kafungwa bandeji mikononi, rafiki yake Herbert anamuuguza.

Kafanywa nini? Hosteli ikagawanyika. Wapo walioshikilia kwamba ni malengelenge ya makasia, maana siku hizo alikuwa akifanya mazoezi ya mashua mto Thames. Wengine walisema amepigwa na wachumba wa Estella, na walisema kwa furaha kidogo. Dada mmoja mwenye kipaji cha nadharia alitangaza kwamba bandeji ni ishara ya dhamiri iliyojeruhiwa, na nusu ya hosteli ikanakili. Mbele zaidi Joe, shemeji yake aliyemlea, anampasha Pip habari kwamba Miss Havisham hayupo tena duniani. Hapo hatukubishana hata kidogo. Ile keki.

Mtihani ukaja: jadili nafasi ya moto katika riwaya hii. Moto upi? Chumba kizima kilitazamana, msimamizi akadhani tunaibiana. Kisha nikaona kalamu zikianza kukimbia zote kwa pamoja: Joe ni mhunzi! Basi tukamwaga mivukuto, makaa, nyundo, cheche. Mimi peke yangu nilijaza kurasa nne za ufuaji chuma, kiasi kwamba fundi yeyote wa Gerezani angenipa kazi bila kuniuliza cheti.

Mhadhiri alirudi na rundo la karatasi, uso umemshuka. "Naomba mtu mmoja aniambie Miss Havisham alikufa kwa sababu gani."

"Keki, Dokta."

Akafungua kitabu chake, kile chenye kurasa zote, akatusimulia: gauni lashika moto kutoka mekoni, Pip amfunika kwa makoti yake, wanagaagaa sakafuni, avuta na kitambaa cha mezani ili auzime, na uozo wote uliokuwa juu yake waporomoka. "Kwa hiyo keki ilikuwepo," akasema mmoja wa nyuma, akidai nusu maksi.

Dickens aliitoa riwaya hii kwa vipande vya kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na mwisho wake aliubadilisha kwa ushauri wa mwandishi mwenzake, Edward Bulwer-Lytton. Sisi mhariri wetu alikuwa mgao wa umeme, na ushauri wake ulituletea sapu.

Muhula uliofuata nilipita steshenari ile ile. Mwaka wa kwanza walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani. Nikamuuliza yule kijana kama desa la Dickens ameshalirekebisha.

"Kaka, hili sasa liko safi," akasema, akinionyesha. "Tumeliwekea kava la plastiki."