Barua ya Wazi kwa Afisa wa Viza

Mheshimiwa Afisa wa Viza,
Ubalozini,
Dar es Salaam.

YAH: NIA YANGU YA KURUDI NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea fomu yenu ya kuninyima viza ya Schengen. Fomu yenyewe safi: sababu zote zimeshaandikwa, kila moja na kisanduku chake, afisa hachoshi mkono zaidi ya kutia alama. Kwangu mmetia kwenye ile ya kwamba mna shaka kama nitaondoka kwenu kabla viza haijaisha. Hongereni. Mume wangu ninaye tangu enzi za Mzee Mwinyi, na mpaka leo nikitoka hawezi kusema nitarudi saa ngapi. Nyie mmeyajua hayo kwa kupekua karatasi.

Niwakumbushe ombi lenyewe. Binti yangu anaishi kwenu kihalali, analipa kodi kwenu, na alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza. Kwetu binti akijifungua, mama yake humlea hadi arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humwogesha mtoto, na humfukuza mkwe jikoni. Sheria yenu inampa mgeni siku 90 ndani ya kila siku 180. Mimi nilitaka 40. Hata tukitoa za kupotea uwanja wa ndege, chenji inabaki.

Kumbe dirishani kuna swali: ukifika utafanya kazi? Nikajibu kwamba nitafanya sana, na jibu hilo silifuti. Najua viza ya matembezi hairuhusu kazi, na anayekwenda kuajiriwa ana viza yake nyingine, ya nchi husika, inayoanzia kwa mwajiri. Basi naomba mwongozo. Kumkanda mzazi ni ajira? Mwajiri wangu ni binti au ni mjukuu? Na kama ni ajira, yale malimbikizo ya mshahara tangu nilipoanza kulea nidai dirisha namba ngapi?

Mheshimiwa, mkanganyiko huu wa kazi unanisumbua. Jirani zenu Wajerumani tangu Juni 2024 wana Kadi ya Fursa. Mwenye fani au shahada anapewa alama kwa lugha, umri na uzoefu. Akifikisha 6, akaonyesha na pesa za kujikimu, anaruhusiwa kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Septemba mwaka huohuo wakatiliana saini na Kenya mkataba wa wafanyakazi. Kwa hiyo kijana anayeomba kadi ile inabidi awashawishi kwamba anatamani majuu kwa moyo wote. Mama yake, akiomba kwenda kumwona, inabidi awashawishi kwamba majuu hayamvutii hata kidogo. Akitabasamu mbele ya picha ya mnara, kaharibu.

Tuje kwenye pesa. Mlitaka taarifa ya benki, na ya kwangu haikuwapendeza. Nauza vitenge Kariakoo. Pesa ikiingia asubuhi, jioni imeshageuka mzigo. Nyingine iko kwenye simu, nyingine kikoba, nyingine wanayo ndugu, ambao hata mkiwahoji nyie watakana. Vijana wa mtaani wanajua mnachokipenda: wanakopa, wananenepesha akaunti, wanachukua taarifa, halafu wanarudisha mkopo na riba yake. Hao mnawaona wana uwezo. Mimi nisiyedaiwa hata na muuza genge naonekana kapuku. Nyumba ya Mbagala nayo mliitaka kwa hati, nami nina karatasi ya mauziano yenye saini ya mjumbe na mashahidi wawili, mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Huyo siwezi kumleta.

Bima nilikata. Kanuni yenu inataka ifikie euro 30,000, igharamie matibabu, na nikifa igharamie kurudisha mwili. Nimeisoma mara mbili nikaridhika: kumbe yupo msafiri mmoja ambaye kurudi kwake hamna shaka nako, na tiketi yake imelipiwa.

Ada ni euro 90. Kabla ya Juni 2024 ilikuwa 80. Ukinyimwa hairudi. Pesa yangu hiyo mliipokea bila kuihoji nia, na ndiyo iliyokuwa na mpango kamili wa kubaki huko. Alama za vidole nazo mmechukua, vyote kumi, na zinaweza kukaa kwenye mitambo yenu miaka mitano. Vidole vimepata ukaazi, mwenyewe yuko Mbagala.

Wenzenu wakija Zanzibar wanalipa dola 50 za viza, na tangu Oktoba 2024 wanaongeza dola 44 za bima. Hakuna anayewauliza kama kwao wameacha mume au hata mbuzi.

Mkataba wenu wa Schengen wa kuondoa ukaguzi mipakani mliusaini ndani ya meli, mto Moselle, Juni 1985. Mimi meli siitaki, wala siendi kuzamia. Niliweka oda ya tiketi ya ndege, kwenda na kurudi.

Ushahidi wa kurudi ninao, ila haumo kwenye orodha yenu. Nacheza mchezo wa upatu na wanawake wenzangu wa sokoni. Nimeshawachangia wote, na zamu yangu ya kupokea ni Desemba. Muulizeni mwanamke yeyote wa Dar es Salaam kama amewahi kusikia mtu aliyeikimbia zamu yake ya kupokea. Jina langu limo kwenye daftari la kijumbe, na kijumbe yuko tayari kuja nalo ubalozini. Mumpe miadi ya jioni tu, kwa sababu asubuhi anakusanya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza vitenge, Kariakoo

Nakala: Kijumbe