Makalio Yamegoma

Jumapili ile saa moja asubuhi, kwenye uwanja mmoja wa gofu jijini Dar es Salaam, mwandishi wa makala haya aliinama kuchomeka tii ardhini na hakuinuka. Hakuanguka. Alibaki vilevile, mkono mmoja kwenye nyasi, mwingine umeshika draiva kama bakora ya babu, huku wenzake watatu wakidhani anasoma upepo. Kedi wake, kijana mwenye adabu zake, alisubiri kwanza. Kisha akasogea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, tukuvute, au unamalizia dua?"

Mkasa ulianza mwezi mmoja nyuma. Kwenye shimo la nne, mama mmoja mstaafu, mwenye wajukuu wanaosoma sekondari, aliupiga mpira wake ukaupita wa mwandishi kwa hatua thelathini na ushei. Hakusema kitu, alirudisha fimbo kwenye begi akaenda zake. Baadaye kantini, mahali ambapo wacheza gofu wote duniani hupaita shimo la 19, aliulizwa siri yake. Akajibu neno moja huku akimenya karanga: "Tizi."

Mwandishi ana miaka 51, handikapu ya 24, na kiuno ambacho fundi wake wa nguo huandika vipimo vyake bila kuvitaja kwa sauti. Neno lile lilimkaa kooni.

Hesabu yenyewe mwanzoni haikumwingia akilini. Draiva ina gramu 300 na kidogo. Mpira, kwa sheria, hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, hata andazi linauzidi. Mtu akabebe vyuma wiki nzima ili Jumapili apige kitu chepesi kuliko andazi? Ila fimbo hiyo inaposhuka kutoka juu ya bega mpaka kwenye mpira hutumia kama robo ya sekunde, na kichwa chake, kwa mwanaume anayecheza kujifurahisha, hufikia mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa. Kwa wanaume wa PGA Tour ni zaidi ya 180. Daladala ikienda hivyo, abiria wote wameshaanza kutubu. Na mwili ulioanzisha mwendo huo ndio huohuo unaotakiwa kuuzuia, kwa misuli iliyoshinda wiki nzima kwenye kiti cha ofisi.

Zamani wakubwa wa gofu walivikimbia vyuma kama ukoma. Imani ilikuwa kwamba misuli ikijaa mabega hufunga, na mtu hawezi tena kuzunguka. Mmarekani Frank Stranahan hakuijali imani hiyo. Alikuwa mtoto wa familia iliyotajirika kwa plagi za Champion, akatwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1948 na tena 1950, na kila alikosafiri alibeba vyuma vyake ndani ya masanduku. Husimuliwa kwamba wachezaji wenzake walikuwa wakijikusanya mapokezi hotelini kusubiri burudani: mhudumu anakuja, anatabasamu, anashika mpini wa sanduku, anaondoka. Sanduku linabaki.

Baada yake akaja Gary Player wa Afrika Kusini, mtoto wa mchimba dhahabu, mtu asiyefika hata sentimeta 170. Naye aliambiwa kwamba vyuma vitammaliza. Mwaka 1965 alishinda US Open pale Bellerive, akawa amekamilisha mataji yote manne makubwa. Mwisho wa hesabu yalikuwa tisa, la tisa likiwa Masters ya 1978, akiwa na miaka 42. Mwaka 2013, akiwa na miaka 77, alipiga picha bila nguo kwenye jarida la ESPN, toleo la miili ya wanamichezo. Mwandishi alimwonyesha mama watoto picha hiyo kama ushahidi. Mama watoto aliitazama kwa muda mrefu kuliko ushahidi unavyohitaji, akamgeukia mumewe, kisha akairudia picha.

Kesho yake akajiandikisha jimu.

Jimu yenyewe iko nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Paa ni turubai, kioo kina ufa unaomgawa kila mtu vipande viwili, na singeli inapigwa kwa sauti inayowatoa jasho hata waliokuja kuulizia bei. Vyuma ni vya zege: bomba la maji, na kila upande kopo la rangi la lita nne lililojazwa saruji na kokoto. Kopo la namna hiyo likishakauka lina kilo tisa au kumi hivi. Tatizo ni hiyo "hivi". Aliyejaza kopo la kulia alikuwa na kokoto za kutosha. Aliyejaza la kushoto alikuwa na haraka. Kwa wiki mbili mwandishi alisukuma bomba lililolalia upande mmoja, na kwa wiki mbili mipira yake yote ilikwenda kulia. Haki isemwe: hata kabla ya hapo ilikuwa ikienda kulia.

Wiki hizo mbili alikuwa akisukuma kifua. Mwanaume akiingia jimu uzeeni huanza na kifua na mikono, kwa sababu ndivyo kioo kinavyovionyesha. Mkufunzi, kijana aliyekuwa akitanguliza "shikamoo baba" kabla ya kila amri, alijaribu kumwelekeza. "Baba, gofu haipo hapa," alisema akigusa kifua chake. "Ipo huku." Akajipiga kofi kwenye kalio. Mwandishi alidhani ni utovu wa adabu, akaendelea kusukuma.

Kumbe kijana alikuwa sahihi. Nguvu ya mkwaju huanzia chini: miguu inasukuma ardhi, nyonga zinatangulia kugeuka, kiwiliwili kinafuata, mikono inakuja mwisho kama ncha ya mjeledi. Injini ya kazi hiyo ni msuli mkubwa wa kalio, ambao ndio mkubwa kuliko yote mwilini, na ambao watu wa ofisini huutumia kama mto. Ukiukalia kutwa, nyonga hukaza. Nyonga zikikataa kuzunguka, mgongo wa chini hubebeshwa kazi isiyo yake, na si ajabu kwamba wacheza gofu hulalamikia zaidi sehemu hiyohiyo.

Februari 2015 pale Torrey Pines, California, Tiger Woods alijitoa kabla hajamaliza raundi ya kwanza. Kulikuwa na ukungu, mchezo ulichelewa, mwili ukapoa. Akawaeleza waandishi wa habari, uso mkavu kabisa, kwamba misuli ya makalio ilikuwa imejizima na mzigo wote ukahamia mgongoni. Huyu ndiye aliyeshinda US Open ya 2008 hapohapo Torrey Pines akiwa na ligamenti iliyokatika gotini na nyufa kwenye mfupa wa mguu, baada ya mashimo 91. Nyufa zilimwacha acheze, makalio yakagoma. Watu walicheka sana. Mwandishi naye alicheka, mwaka ule.

Ijumaa moja jioni hatimaye alikubali kuchuchumaa na bomba la zege mabegani. Mkufunzi alisema mara ishirini. Mwandishi, kwa ubishi na kwa sababu kulikuwa na vijana wanaotazama, alikwenda hamsini. Jumamosi alijiona simba. Aliosha gari mwenyewe, akatembea sokoni bila sababu ya msingi.

Ambalo hakulijua ni kwamba maumivu ya namna hiyo hayana haraka. Si tindikali iliyoganda kwenye misuli, kama inavyosemwa vijiweni. Hiyo mwili huisafisha ndani ya saa moja au mbili. Ni majeraha madogomadogo ambayo msuli huyapata unaporefuka huku umebeba mzigo, yaani wakati ule wa kushuka, na uchungu wake hupanda taratibu mpaka kilele siku ya pili au ya tatu. Jumapili alfajiri mwandishi aliingia chooni. Nyumba ile ina choo cha kuchuchumaa, na hapo maelezo yatakoma, isipokuwa kusema kwamba kushuka kuliwezekana.

Ndivyo alivyofika kwenye tii ya kwanza. Alivutwa na watu wawili, akasimamishwa kama mlingoti, akapiga. Mpira ulikwenda hatua arobaini. Yule mama mstaafu, aliyekuwa kundi la nyuma, alipiga makofi ya heshima, na makofi ya namna ile yanauma kuliko mapaja.

Siku hiyo shimo la 19 lilikuwa bunge. Upande wa wavivu ulimleta Miguel Ángel Jiménez, Mhispania wa sigara nene na mvinyo, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Hispania mwaka 2014 akiwa na miaka 50. Jimu gani, wakauliza. Upande wa vyuma ukamleta Bryson DeChambeau, aliyejaza mwili kwa kilo kama 18 na maziwa ya protini yasiyohesabika, akashinda US Open ya 2020 pale Winged Foot kwa tofauti ya mikwaju sita, halafu baadaye akaupunguza mwili huo na kuitwaa tena mwaka 2024. Mtu akamtaja Rory McIlroy, ambaye wachambuzi walimsema kwamba atajivunja kwa kunyanyua mizigo. Alipokuja kuumia vibaya, Julai 2015, ni kifundo cha mguu, akicheza mpira wa miguu na rafiki zake, akaikosa The Open. Vyuma vilikuwa vimetulia vyumbani vyao.

Hoja iliyomaliza ubishi ilitoka kwa kedi, aliyekuwa mlangoni akisubiri ujira wake. Alisema huyo Mhispania wa sigara amemwona kwenye simu kabla ya kucheza: anazungusha magoti, anakata nyonga duara, kushoto, kulia, mpaka watu wanaona haya. "Huyo naye anapiga tizi," kedi akasema. "Anapigia makalio tu." Ni kweli kabisa, na yeyote aliyewahi kutazama Jiménez akijiandaa anajua.

Jumatatu mwandishi alirudi jimu, akichechemea, akaomba radhi. Mkufunzi hakumcheka, alifungua daftari akafuta "kifua". Tangu hapo hulala chali kwenye jamvi akiinua nyonga kama daraja, mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli umefungwa juu ya magoti. Bomba la zege analichukulia chini badala ya mabegani, mgongo umenyooka, na kopo la kushoto limefungiwa tofali kwa waya ili kuleta usawa. Mfuko wa mchanga wa kilo tatu anaurusha ubavu ubavu dhidi ya ukuta, mazoezi mazuri ya kuzunguka kwa kasi. Aliyoyajaribu nyumbani yalisitishwa siku ya pili, kwa sababu upande wa pili wa ukuta wa huko kuna jiko, na masufuria yalishuka yote. Kwenye foleni ya Mwenge hukaza makalio kwa sekunde kumi, huachia, hukaza. Kondakta mmoja wa daladala alimtazama kwa dirisha raundi tatu nzima kabla ya kuwaita wenzake.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Wacheza gofu hukadiria kwamba kila maili moja kwa saa ya ziada kwenye mwendo wa fimbo huongeza yadi mbili na nusu hivi, na mwandishi, ambaye sasa anaweza kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta, alianza kuuona ukweli huo kwa macho.

Juzi, shimo la saba, aliupiga mkwaju wa maisha yake. Nyonga zilitangulia, mikono ikafuata, mlio ukawa ule ambao huusikia kwa wengine tu. Mpira ulipaa juu ya mikoko ya mbele, ukanyooka, haukwenda kulia hata kidogo, ukatua katikati kabisa ya bwawa.

Kimya. Kedi alitoa mpira mwingine mfukoni, akaufuta kwa kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hongera, mzee. Zamani pale ulikuwa hufiki."