Namna ya Kwenda Kikaoni Usirudi na "Tutaangalia"

Mwalimu akikuita Oktoba kwenye kikao cha mtoto anayeshindwa darasani, wakati korosho zinadondoka na mnada wa chama cha ushirika RUNALI uko njiani, usiitikie kisha usitokee. Mwambie: "Mwalimu, nipangie alasiri, asubuhi naokota." Kikao kisicho na mzazi humalizika haraka: mtoto arudie darasa la pili, basi.

Nenda na anayeshinda na mtoto. Huku Marambo mara nyingi ni bibi, na bibi ndiye anayejua kwamba mjukuu huhesabu korosho hadi mia bila kukosea, ila kilichoandikwa ubaoni hakimfikii. Kabla ya siku ya kikao mpelekeni mtoto hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, apimwe macho na masikio. Wangapi wameitwa wazito, kumbe hawaoni ubao! Beba cheti cha vipimo, daftari lake, na karatasi moja: anachoweza, kinachomshinda, kinachomtuliza. Kama ana kifafa, beba kadi ya kliniki na umweleze mwalimu: akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni.

Ukishaamkia, usiseme "mwalimu ndiye ajuaye" ukanyamaza. Naye ana darasa lililojaa hadi mlangoni. Anza na yasiyohitaji fedha: dawati la mbele, maandishi makubwa ubaoni, muda zaidi wa kujibu, mwenzake wa kusoma naye. Ukiambiwa shule haina mwalimu wa elimu maalumu, jibu kwa adabu: "Basi tumwandikie Afisa Elimu Maalumu wa wilaya leo, nami nibaki na nakala." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 27, inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa panapohitajika mawasiliano maalumu, na apewe huduma za kumwezesha kujifunza. Hiyo si hisani ya mtu.

Akikaribia darasa la nne, uliza kuhusu mtihani mapema. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa, za nukta nundu, na muda wa ziada, lakini shule lazima itaje mahitaji ya mtoto wakati wa usajili.

Mzazi mwenzangu, usinyanyuke kwenye kiti kabla haijaandikwa nani atafanya nini, lini, na kikao kijacho ni tarehe ngapi. Wote mtie saini, na nakala uondoke nayo.