Namna ya Kwenda Lamu na Kuuacha Upepo Ukutembeze

Kabla hujakata tiketi ya Lamu, weka kando kalenda ya ofisini. Huku zinazohesabika ni nyakati mbili: kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, na kusi, inayoshika Aprili mpaka Septemba. Katikati yake pana maleleji, siku ambazo upepo haujaamua uende wapi, na manahodha nao hawaamui. Mgeni anayekuja Juni na mwavuli wa ufukweni, kofia pana ya ukili na nia ya kujilaza ufukwe wa Shela akisoma gazeti, amekuja kuwachangamsha watoto wa pale. Mwavuli utageuka ndani nje, na gazeti litasomwa ng'ambo, kisiwa cha Manda.

Basi kofia ya ukili iache nyumbani. Nunua ya wenyeji, ile inayoshonwa kwa mkono kwa miezi. Ishike uitazame kwa karibu: imejaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hewa inapita, na kofia yenyewe imekubana kichwa sawasawa. Huo ni ufundi wa watu wanaoujua upepo. Kikoi nacho kifunge ukikunje ukingo mara mbili tatu kiunoni, kisha utembee hatua chache ndani ya chumba ukijipima. Majaribio ya aina hii hayafanywi gatini.

Ukitua, uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo utavuka kwa boti. Angalia upepo unatoka wapi kabla ya kuchagua pa kukaa. Anayekaa joshini, upande upepo unakotoka, hupokea maji yote ya chumvi kwa niaba ya abiria wenzake. Wewe kaa demani, upande wa pili, umpe pole.

Mjini usitafute teksi. Vichochoro ni vyembamba, na mwenye haki ya kwanza ya njia ni punda aliyebeba mawe au mchanga. Akija, jitose kwenye daka la nyumba iliyo karibu, umwamkie aliyeketi hapo, "Sabalkheri," au "Masalkheri" kama jua limeshapinda, kisha umwache punda apite na shughuli zake.

Chumba je? Wengi huuliza kwanza runinga na intaneti. Uliza dirisha linatazama wapi. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na vyumba virefu vyembamba ambavyo upana wake hauzidi mita tatu hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Wakati wa kaskazi, joto likishika, panda juu kabisa chini ya paa la makuti, upepo ukupitie kila upande. Kusi ikianza kupiga, shuka vyumba vya chini, ulale bila kusikia makuti yakigombana usiku kucha.

Asubuhi nenda Mkunguni, mbele ya ngome. Ngome hiyo ilikamilika 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate katika vita vya Shela. Wazee husimulia kwamba wavamizi walipotaka kukimbia, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vyao vimekwama mchangani. Ukiwakuta watu kwenye bao, nunua kahawa chungu kwa mwenye dele, ukae, utazame. Usimwonyeshe mtu kete ya kucheza. Hakuna aliyekuuliza.

Kisha panga safari ya Takwa, magofu ya mji ulioko Manda, wenye msikiti na kaburi la mnara. Njia ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na chombo huingia maji yakijaa tu. Mazungumzo na nahodha huwa hivi:

"Nahodha, kesho tuondoke saa ngapi?"

"Maji yakijaa, mwanangu."

"Na kurudi?"

"Kabla hayajatutoka."

Hayo ni majibu kamili. Usimnyooshee saa ya mkononi ukimwonyesha. Ukiwa chomboni, tazama jinsi anavyobisha akiusaka upepo, tanga likihamishwa upande huu na huu, na vijana wakijongea kwenye ubao unaotokeza nje ili mashua isilale. Tanga moja, mlingoti, foromali na kamba: kwa zana hizo watu wa hapa walifika Oman na kurudi, wakienda na kusi, wakirejea na kaskazi. Ukipata siku ya ziada, nenda kijiji cha Matondoni uone vyombo vikiundwa. UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ni haki yake. Ila mji huo haungekuwapo bila mafundi wa mashua, nao wanastahili wageni wengi kuliko wanaowapata.

Sasa vilima vya mchanga vya Shela. Hapa nakuomba uache mzaha kidogo. Upepo uliovurumisha mwavuli wako ndio uliovirundika vilima hivi, punje kwa punje. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote na kuihifadhi chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji. Anayejenga juu ya vilima, au anayekuja na lori kuchota mchanga, anavunja tangi la maji la watu wote, na mimi sioni jumba la kifahari lenye mandhari nzuri kiasi cha kulipia hasara hiyo. Kwa hiyo pita njia iliyozoeleka, using'oe mimea inayoushika mchanga, usikodi chochote chenye injini cha kukupandisha juu, na ukioga chumbani, oga kama mtu aliyekiona kisima.

Jambo la mwisho ni kisiwa cha Kiwayu. Kila mgeni anataka kwenda, na kusi ikipamba moto bahari ya huko si ya kuchezewa. Nahodha akitazama mawingu, akatazama maji, akasema leo hakuendeki, usimwongezee pesa ili abadili mawazo, wala usizunguke gatini ukimtafuta kijana mwenye mashine kubwa zaidi na akili changa zaidi. Mwambie asante. Rudi mjini, uagize samaki wa kupaka kwa mkate wa mofa, na kesho alfajiri ukamuulize tena.