Vijidunia vya Ntimaru: Uainishaji wa Awali, Pamoja na Malalamiko ya Mtafiti

Carl Linnaeus alipochapisha Systema Naturae mwaka 1735, aliigawa dunia yote katika falme tatu: wanyama, mimea na madini. Kazi hiyo imesifiwa vya kutosha. Kasoro yake ni kwamba ukimletea ng'ombe wa udongo mwenye pembe za miiba, amefungiwa katika zizi la mabua ya mahindi, ufalme wa kumweka haupo. Mwili wake ni madini, pembe zake ni mmea, na yeye mwenyewe ni fahali ambaye tangu asubuhi ametolewa mahari mara mbili na kupotea mara moja. Mvua ya saa kumi ikimkuta nje, magharibi itamkuta akiwa tope.

Hapa Ntimaru, Kuria Mashariki, viumbe wa namna hiyo wamejaa chini ya kila mti, na hakuna msomi aliyewahi kuwapanga. Nimejitolea. Sifa zangu za kitaaluma ni mbili: nilizaliwa hapa, na nina binti aliye Gredi ya Nne.

Kwanza jina. Mahali padogo palipojengwa kwa vitu vya nyumbani, ambapo mjenzi anaweza kuingiza macho lakini hawezi kuingiza mguu, nimepaita kijidunia. Neno "kidunia" lingekuwa fupi zaidi, ila wahubiri wamekwisha kulichukua, na sipendi mtu asome kichwa cha makala hii adhani naandika habari za anasa. Naongeza sharti moja: kijidunia sharti kiwe na walau kitu kimoja ambacho hakipatikani Ntimaru. Bahari, kwa mfano. Au simba. Au ghorofa. Boma la udongo lisilo na chochote ila yale yaliyomo katika boma la baba ni ramani tu, na ramani zina wataalamu wake.

Nilitaraji ngeli zinifanyie nusu ya kazi. Ngeli ya KI-VI hupunguza: mlima ukawa kilima, mji ukawa kijiji. Ukitaka kukuza, geuka upande wa pili: nyumba ikawa jumba, mtu akawa jitu. Nilifurahi kwa muda wa siku moja, mpaka nilipokutana na jitu la hadithi lililotengenezwa kwa sponji ya godoro, urefu wa kidole cha shahada. Tuliite nani? Kijitu? Kamusi inasema kijitu ni mtu mdogo. Basi tumemchukua mtu, tukamkuza awe jitu, tukampunguza awe kijitu, naye ametoka mdogo kuliko alivyoingia, na katika safari hiyo amepoteza meno na kiu ya damu. Nilimweleza binti yangu ugumu huu wa kinadharia. "Baba," akasema, "hilo ni zimwi tu." Nikaziacha ngeli.

Kuainisha kwa umri wa mjenzi nako kulishindikana, kwa sababu ambayo wazazi wenzangu wataielewa nikifika kwenye katoni. Mwishowe niliona kwamba kinachovitofautisha kweli vijidunia hivi ni adui. Kila kimoja kina kitakachokimaliza, na mjenzi hukijua tangu mwanzo, akajenga kwa kukitazama. Kuna vinavyoyeyuka, vinavyoliwa, vinavyofagiwa, vinavyonyang'anywa na kaka mkubwa, na vinavyowasilishwa kwa mwalimu.

Vinavyoyeyuka ndivyo vya kale na vya heshima. Udongo wa kingo za mto hukandwa mpaka uache kushika vidole, kisha ng'ombe huanzia kwenye nundu. Hili nimelichunguza kwa karibu. Mtoto wa Ntimaru haanzi na kichwa wala miguu. Hubana tonge la udongo kwa vidole viwili, nundu ikachomoza, na kuanzia hapo mwili unajitafutia wenyewe njia ya kufuata. Miguu ni minne kwa heshima tu. Mara nyingi huwa vigingi vinene, kwa maana ng'ombe asiyesimama si mali. Nimempima mmoja: sentimita 8 kutoka ardhini hadi begani, yaani kipimo cha takribani 1:15. Nyumba ya mwenye ng'ombe huyo, iliyokuwa palepale, ilikuwa na sentimita 6 hadi kwenye kilele cha paa, kipimo cha 1:50. Bwana huyu angetaka kutazama mali yake angelazimika kupanda juu ya nyumba ndipo auone mgongo.

Msomi wa haraka angesema mtoto hajui vipimo. Nami nilikuwa wa haraka, mpaka nilipowatazama wengine wakijenga, nikaunda kanuni ambayo naiweka hapa mbele ya wanazuoni: katika kila kijidunia kuna kitu kimoja kinachokataa kuwa kidogo. Nimekiita kaidi. Kila kitu kingine kinakubali kupunguzwa, kaidi hakubali, na ukitaka kujua mjenzi analala akiwaza nini, mtafute kaidi wake. Katika nchi ambayo mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, kaidi wa udongo hahitaji tafsiri.

Wala si huku tu. Mwaka 1920 Herbert Winlock, mtafiti wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York, alifungua chumba kilichofichwa katika kaburi la Meketre huko Misri, akakuta vijidunia vya mbao vya miaka karibu 4,000: ghala la nafaka, jiko la mikate na pombe, mashua, bustani. Kimojawapo ni ukaguzi wa ng'ombe. Mwenye mali ameketi barazani kivulini, makarani wako kando yake wakiandika, na ng'ombe wa madoadoa wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Mlete mzee yeyote wa Ntimaru mbele ya kitu hicho bila kumweleza neno. Ataanza kuhesabu.

Vinavyoliwa vinajengwa kwa mabua, magunzi na majani, na adui wake ni mbuzi, ambaye hana haja ya nadharia. Nimeshuhudia hoteli ya kitalii ya ghorofa mbili, ukuta wake wa vipande vya bua vilivyounganishwa kwa vijiti vya ganda la bua lenyewe, ikiliwa kuanzia mapokezi.

Vinyang'anywavyo ni magari ya waya. Hayaogopi mvua wala mbuzi. Yanaogopa kutu na kaka mkubwa. Lori lina urefu wa futi moja, magurudumu yamekatwa kwenye soli za patipati, mzigo ni vifuniko vya soda. Lakini usukani wake, ulio mwisho wa waya mrefu, umekua hadi kumfikia dereva kifuani, ukatoshea mikono yake miwili. Lori zima limekubali kuwa dogo, usukani umekataa, na dereva anatembea nyuma akinguruma kwa mdomo, akibadilisha gia kwenye kila mwinuko. Anakwenda Mombasa. Kaidi bora kuliko huyo sijamwona.

Hapa sina budi kutaja janga la tarehe 28 Agosti 2017. Siku hiyo Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Mazingira yalishukuru, nami nayashukuru mazingira. Lakini kabla ya hapo, maji ya vijidunia vyote nilivyopata kuviona yalikuwa mfuko wa samawati uliotandazwa na kubanwa kwa mawe. Ziwa Viktoria lilikauka kwa siku moja. Fikiria hasara ya watoto wanaotaka kujenga kisa cha Nyamgondho, yule mvuvi wa Gwassi katika Homa Bay aliyevua mwanamke badala ya samaki, akatajirika kwa ng'ombe, kisha ulevini akamtukana. Mwanamke alirudi ziwani, ng'ombe wote wakamfuata majini, na Nyamgondho akabaki ufukoni akageuka mti. Bila ziwa, ng'ombe wanaenda wapi?

Jibu lilipatikana kwenye pakiti ya sigara. Ile karatasi ya fedha ya ndani, ikikunjwakunjwa na kukunjuliwa, inatoa mawimbi ambayo mfuko wa samawati haukuyaweza kamwe. Sisi tunaolima tumbaku huku Kuria, tukaikausha na kuifunga mafungu, hatimaye tumeona inarudi nyumbani na faida.

Kuhusu vinavyofagiwa nitasema machache, maana havidumu vya kutosha kuchunguzwa. H. G. Wells, Mwingereza aliyewaleta wavamizi wa Mirihi katika riwaya, aliandika kitabu kizima mwaka 1911 juu ya michezo ya sakafuni na wanawe wawili: sakafu ni bahari, mbao ni visiwa, matofali ya kuchezea ni mahekalu. Miaka miwili baadaye akaandika kingine, cha vita vya askari wa risasi, na watu wazima wanaocheza vita vya mezani bado humwita babu yao. Naheshimu mchango wake. Nataka tu ijulikane kwamba bahari ya Wells haikuwa ikifagiliwa saa kumi na mbili asubuhi na mama mkwe aliyekuja kutembea.

Sasa katoni. Mtaala wa Umilisi, ambao kila mtu anauita CBC, ulijaribiwa mwaka 2017 na kuanza nchi nzima mwaka 2019, na tangu hapo kijidunia kimehama kutoka chini ya mti hadi kwenye meza ya kulia, saa nne ya usiku. Mtoto huleta agizo. Mzazi hutafuta boksi. Malalamiko yalizagaa hadi mwaka 2021 kesi ikafikishwa Mahakama Kuu. Mimi sikushtaki mtu. Nilikuwa nakata katoni ya sabuni. Kaidi wa vijidunia hivi, kwa kawaida, ni kibandiko: jina la mwanafunzi, gredi na shule, kwa herufi zinazozidi mlima ulio nyuma yake. Anayeogopa kitu hapo si mtoto.

Agizo letu lilikuwa mahali pa kihistoria katika kaunti, kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Binti yangu alichagua Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyo upande wa pili wa Migori, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.2, na zimesimama karne kadhaa bila tone la saruji wala udongo wa kushikiza: safu ya nje, safu ya ndani, na mawe madogo katikati yanayozifunga mbili hizo zikawa moja. Jina lenyewe la Kijaluo lina msitu mnene wa kutisha ndani yake. Binti alisema basi msitu lazima uwepo, na kama unatisha lazima uwe na kinachotisha. Ndivyo zimwi la sponji lilivyoajiriwa.

Trei ya mayai iligeuka kuwa vilima. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakaanikwa juu ya gazeti, yakawa ardhi, na hakuna udongo wa dukani unaofanana na udongo kama hayo. Miti ilikuwa sponji iliyochanwachanwa kwa mkono, kwa sababu mkasi huacha kingo ambazo mti hauna, kisha ikachovywa katika bluu ya kufulia na bizari. Rangi ilikuwa ya kijani kabisa. Msitu wa kutisha ulinukia pilau kwa siku tatu.

Ukuta ndio uliotuumbua. Kwa kipimo cha 1:50, mita 4.2 ni sentimita 8.4, na vijiwe vya mtoni, vilaini na vya mviringo, havifiki sentimita 3 kabla ya kuteleza. Tukaomba kokoto pale mama mmoja anapozivunja kwa nyundo. Hizo zina pembe, na pembe hukamatana. Binti alipanga safu mbili, akajaza katikati, akikipa kila kijiwe nafasi ya kuzungushwa mara tatu nne kabla ya kukitupa. Nilimshauri tutie gundi. "Baba, wao hawakutia." Usiku, alipolala, nilipika uji mzito wa mahindi nikaupaka upande wa nyuma, kwa usalama.

Nikiwa hapo na kijiko, ndipo nilipomwona kaidi. Katikati ya ngome, kati ya vibanda visivyozidi kidole gumba, kulikuwa na kifuniko cha soda kilichopinduliwa juu ya mafiga matatu. Sufuria. Kwa 1:50 ilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Asubuhi nilimuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Wamejificha ndani wote na zimwi liko nje. Watakula nini?"

Lakini asubuhi hiyo hatukuzungumza sana, kwa kuwa panya alikuwa amekuja kwa ajili ya uji. Panya wa kawaida, kwa kipimo chetu, ni mnyama wa mita 9 bila mkia. Upande wa nyuma wote ulikuwa chini. Pande nyingine hazikuguswa. Binti aliujenga upya chai ikichemka, bila kuniuliza kilichotokea, na sikumweleza.

Mwalimu alitupa "Anakaribia matarajio". Chini yake aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba sufuria ni kubwa mno. Binti yangu alisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama mwalimu anaishi peke yake.